Kikao cha Gramu

Jumanne. Ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri,
kwenye mtaa unaoteremka hadi stesheni ya zamani ya Moshi.
Umeme umekatika saa nne kasoro. Madirisha wazi.
Mezani, mizani ya sonara tuliyoazima kwa Bwana Jivraj:
irudi kabla ya saa kumi, alisema,
kuna bibi harusi anangoja.

Chombo kimezidi gramu mia na kumi na mbili.
Si nyingi: parachichi moja la Kibosho, dogo, bado gumu.
Lakini roketi tuliyokodi kipembe ndani yake
haijui parachichi. Inajua mkataba.

Namsifu anaitetea sindano yake,
ndefu kama ya kushonea magunia,
itakayochomwa kwenye vumbi la Mwezi na kuuliza
joto la chini huko linatoka wapi.
Ndekirwa analitetea gurudumu,
bati jembamba linalojikunjua lenyewe,
ambalo halijakanyaga popote
ila sakafu hii, na jangwa la kati ya Kibo na Mawenzi.

"Gurudumu lisilobeba swali ni toroli."
"Na swali lisilo na miguu litabebwa na nani?"

Mimi natunza daftari la uzito.
Sina upande. Nina kalamu nyekundu.
Mama alifundisha Kiswahili Kiboriloni;
usiku alisahihisha tungo kwa kibatari,
akigonga mizani kwa vidole mezani,
silabi ikizidi anaikata.
"Neno lisiloenea," alisema, "bado si zuri."
Nimerithi vidole.

Tukaanza na kibao cha majina yetu saba,
kilichochongwa kwa mkono, gramu kumi na tisa.
Hakuna aliyesema kitu.
Ndekirwa akakifungua skrubu moja moja
akakitia mfuko wa shati.

Fundi Lomayani akashuka uani na keekee ya mkono,
akakitoboa kishikio matundu
hadi kikafanana na jani lililoliwa na viwavi.
Arobaini na moja.

Zikabaki hamsini na mbili,
na macho yote, bila kuitana,
yakaangukia betri ya usiku.

Usiku wa Mwezi ni siku zetu kumi na nne.
Kule jangwani tulilala mmoja tu:
maji yaliganda chupani, betri ikazimika saa tisa,
na sisi tulikuwa na mablanketi.

Namsifu aliinuka, akaenda dirishani,
akarudi. "Itoeni," alisema.
"Sindano iende, gurudumu liende,
kifanye kazi mchana mmoja.
Jua likizama, kimemaliza."
Lomayani, ambaye hazungumzi kikaoni,
aliuliza kama kitajua kwamba jua linazama.
Kitajua, nikamjibu. Tumekiwekea kipimo cha mwanga.
Akanitazama kama mtu aliyejibiwa jambo jingine.

Betri: sitini na moja.
Tukapata gramu tisa za ziada.
Hazikutosha kuyarudisha majina.

Likabaki neno la kwanza, la kutuma kikishatua.
Nafasi: baiti ishirini, nukta na mapengo ndani.
Walitaja salamu, walitaja taifa, walitaja mlima.
Nikagonga meza kwa vidole.
*Nimefika. Ni baridi.*
Baiti ishirini. Mizani nane.
Ndekirwa akahesabu upya kwa kalamu, kisha akacheka.

Saa kumi kasorobo niliirudisha mizani
nimeikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Upande wa Himo Mwezi ulikuwa umeshachomoza,
mchana kweupe, kama kipande cha sabuni kilichotumika.
Bibi harusi alikuwapo, na shangazi wawili.
Jivraj akaipangusa sahani, akaiweka pete katikati:
gramu nne na nukta mbili.
Shangazi wakapiga vigelegele,
na mkono wangu, bila kuombwa,
ukaenda mfukoni kutafuta kalamu nyekundu.